Mjadala: Kenya itengeneze chanjo zake au iendelee kununua?

Mzazi, Kayole: Mwaka 2025 chanjo za BCG, ile ya kifua kikuu, na polio ziliadimika kote nchini, kina mama wakarudi nyumbani na watoto wachanga wasiochanjwa. Sasa tunaambiwa taasisi ya BioVax itatutengenezea chanjo hapa hapa. Kwangu mimi, pesa hizo zinunue chanjo India, ambako bei ni nafuu na kazi wanaijua. Sisi hatujawahi kutengeneza chanjo.

Daktari wa mifugo, Kikuyu: Mzazi mwenzangu, uchungu wako naujua, ila hilo la "hatujawahi" nalikataa kabisa. Muguga ni pua na mdomo na Nairobi. Katika maabara ya pale, mwishoni mwa miaka ya 1950, Walter Plowright na wenzake walikuza virusi vya sotoka, tauni ya ng'ombe, katika seli za figo la ndama, wakavihamisha kutoka seli hizo hadi nyingine mara zipatazo 90 mpaka vikapoteza ukali, lakini vikabaki na uwezo wa kumkinga ng'ombe. Sotoka hiyo ndiyo iliyowafilisi Wamaasai miaka ya 1890. Mwaka 2011 ilitangazwa kutokomezwa duniani. Kabla yake ni ndui pekee iliyowahi kufutwa hivyo.

Mtasema Plowright alikuwa Mwingereza na maabara ilikuwa ya mkoloni. Ni kweli. Basi tazameni ndigana kali, ugonjwa wa ng'ombe unaoletwa na kupe, ambao chanjo yake iliundwa Muguga miaka ya 1970, tukiwa huru. Kupe wenye vimelea husagwa, ng'ombe akadungwa vimelea hivyo vikiwa hai, na papo hapo akapewa dawa ya oksitetrasaiklini ili ugonjwa usimlemee. ILRI, taasisi ya kimataifa ya utafiti wa mifugo, ilitengeneza dozi kama milioni moja hapa Nairobi. Leo inatengenezwa Lilongwe, Malawi! Ujuzi ulizaliwa kwetu, sisi tukauacha uende, na hilo linaniuma sana.

Tunachokosa ni mnunuzi wa uhakika. Kampuni ya chanjo ya Marekani, Moderna, ilitangaza mwaka 2022 kwamba ingejenga kiwanda Kenya cha dola milioni 500. Mwaka 2024 ikausimamisha mpango huo kwa sababu mahitaji ya chanjo ya korona Afrika yalikuwa yameshuka. Serikali itie sahihi kwanza mkataba wa kununua kwa miaka mingi, mitambo ifuate.

Mzazi, Kayole: Daktari, chanjo ya ng'ombe ikiharibika anakufa ng'ombe. Marekani mwaka 1955, chanjo ya polio ya kampuni ya Cutter ilitoka na virusi hai. Watu 200 hivi walipooza, 10 wakafa. Hapa kwetu nani atakagua?

Daktari wa mifugo, Kikuyu: Hilo ndilo swali zito kuliko yote. Marekani ilikaza ukaguzi, haikuacha kutengeneza. Bodi ya Dawa na Sumu ipewe maabara na wakaguzi wa kutosha kabla chupa ya kwanza haijatoka kiwandani.

Mzazi, Kayole: Kwa sharti hilo nakubali. Lakini kiwanda hakijengwi kwa mwezi mmoja, na mtoto anayezaliwa Pumwani usiku huu anahitaji BCG sasa. Za India zinunuliwe leo, tena za kutosha.