MREJESHO: Diploma ya famasi, GPA 3.4, na ile F ya hesabu

Wakuu, niliuliza hapa kama diploma ya famasi yenye GPA (wastani wa alama za chuo) ya 3.4 inaniingiza digrii ya famasi wakati kidato cha nne hesabu nilipata F. Wengi mlisema GPA inatosha, nisihangaike. Haitoshi.

Nilifungua kitabu cha mwongozo wa udahili cha TCU, ile tume ya vyuo vikuu, nikiwa kaunta ya duka la dawa ninapofanya kazi hapa Mwanjelwa, Mbeya, mteja akinisubiri na cheti chake cha dawa mkononi. Kwa wenye diploma, GPA 3.0 ni nusu tu ya safari. Nusu nyingine ni angalau D za kidato cha nne kwenye hesabu, kemia, baiolojia, fizikia na Kiingereza. Fizikia nina D, sijui hata niliipataje. Hesabu ndiyo hiyo F, imekaa katikati ya cheti kama doa la mawese.

AVN, yaani namba ya uhakiki wa diploma inayotolewa na NACTVET (baraza la elimu ya ufundi), ninayo tayari, kwa hiyo kilichobaki ni hesabu peke yake. Nimejisajili kurudia mtihani wa kidato cha nne wa Novemba kama mtahiniwa wa kujitegemea. Jioni nikifunga duka napanda daladala hadi Uyole, kuna mwalimu ananifundisha logarithimu kwenye baridi ile ambayo wa Mbeya mnaijua. Mdogo wangu wa kidato cha tatu ndiye anayenisahihishia mazoezi, na ananicheka kweli kweli.

Aliyeniambia "soma mwongozo kwanza, dada", asante. Matokeo yakitoka nitarudi.