Mafundi wa draya, kuunga fyuzi ya joto kwa waya sio kutengeneza. Mtatuchomea nyumba!

Wakuu, leo naomba mnisikilize maana nimechoka na nina hasira kweli.

Draya yangu iliacha kupasha. Ngoma inazunguka, taa zinawaka, dakika zinahesabiwa kama kawaida, ila nguo zinatoka baridi na mbichi vilevile. Nikaita fundi. Kafika, kawasha, kasikiliza mlio, kaniambia bodi (ile saketi inayoendesha mashine) imekufa. Hakufungua hata skrubu. Mita ya kupimia umeme hakuja nayo. Namuuliza umejuaje, ananijibu "uzoefu, bosi". Bodi ikanunuliwa kwa hela yangu, ikafungwa, mashine baridi. Ndipo akageuza maneno: basi itakuwa hita. Na bodi niliyolipia? Hairudishwi, imeshafungwa.

Huyo ningemsamehe. Aliyenifanya nifungue uzi huu ni wa pili. Yeye alifungua nyuma, akainama huko kidogo tu, joto likarudi. Nikamlipa, nikamshukuru. Haikupita muda nikaanza kusikia harufu ya kuungua, na bati la juu la moto hata huwezi kuliwekea mkono. Nikachomoa plagi, nikaisubiri ipoe, nikafungua mwenyewe. Fyuzi ya joto, kile kidude kidogo cheupe kilichoshikizwa kwenye njia ya hewa, kilikuwa kinaning'inia bila kazi. Nyaya zake mbili zimesokotwa pamoja na kuzungushiwa tepu nyeusi. Tepu imeshalegea, gundi inachuruzika. Na chini yake pamba ya nguo imejaa tele, kavu kabisa, inangoja cheche.

Jamani! Mle nyumbani wanalala watu!

Kwa ambao hawajui, fyuzi hii haifanani na ile ya kwenye plagi. Ile hukatika umeme ukizidi. Hii hukatika joto likizidi, na ikishakatika ndiyo imekwenda, haijirudishi. Ya kwangu imeandikwa nyuzi 91. Swali ambalo fundi alitakiwa kujiuliza ni kwa nini joto lilifika huko, na kwenye draya inayotoa hewa nje jibu la kwanza la kuangalia ni njia ya hewa. Pangaboi lake linavuta hewa kupitia kwenye hita, inapita kwenye nguo, inabeba unyevu na kutoka nao kwa bomba. Bomba likiziba, hewa inasimama, hita inaendelea kuwaka, joto linarundikana palepale. Fyuzi inajitoa mhanga ili nyumba isiungue. Halafu anakuja mtu anamwondoa mlinzi na tatizo analiacha pale pale!

Nilipovuta mashine kutoka ukutani nililiona bomba limebanwa, limejikunja, ndani pamba imelowa na kushindiliwa hadi mkono haupiti. Dalili zote zilikuwepo kabla hata haijaacha kupasha: nguo zinachukua muda mrefu kukauka, zinatoka za moto lakini bado zina unyevu, na kile kifuniko cha nje ambako hewa inatokea hakifunguki vizuri. Fundi anayejua kazi angeniuliza hayo kabla ya kutoa bisibisi. Nimesafisha lile bomba lote, nimefunga fyuzi mpya, na draya inakausha vizuri. Bodi ya zamani niliirudisha kuijaribu, inafanya kazi. Haikuwahi kufa.

Kinachoniuma ni kwamba kupima sio kazi ngumu. Unachomoa umeme, unatoa waya kwenye fyuzi, unaweka mita. Ikilia, nzima. Kimya, imekatika. Thermostati zake, yaani vile vidude vinavyokata na kurudisha hita kulingana na joto, hivyohivyo zikiwa baridi. Hita nayo inasomeka: ya wati 5,000 kwa volti 240 inatakiwa iwe omu 11 na ushee. Mita isiposoma kitu, koili imekatika, badilisha. Na upime pia kati ya koili na bati lake, kwa sababu koili ikilegea na kugusa bati inaweza kuendelea kuwaka hata pale mashine ilipotakiwa kuipumzisha. Hiyo nayo inaunguza fyuzi, na ukibadilisha fyuzi peke yake itaungua tena.

Marekani na Kanada kuna jambo jingine: draya nyingi za umeme kule hita inatumia volti 240 lakini mota inatumia 120 tu. Upande mmoja wa breka ukikata, ngoma inazunguka bila joto lolote na mashine haina kosa. Za gesi zina mambo yake. Kiwashio kikiwa chekundu kisha kikazimika bila moto kushika, mara nyingi ni koili za vali ya gesi.

Na chujio, tafadhali. Kutoa pamba kwa mkono kila mara ni sawa, lakini wanaotumia vile vitambaa vya kulainisha nguo wamwagie maji kwenye wavu. Maji yakituama juu badala ya kupita, kuna utando. Osheni kwa sabuni na brashi laini, mkaushe kabla ya kurudisha.

Nyie watengenezaji pia siwaachi. Fyuzi ni kidude kidogo kinachojulikana kuwa kitakatika siku moja, kwa nini mnakiuza kikiwa kimefungashwa na thermostati ambayo sijaihitaji? Na kwa nini kimewekwa mahali ambapo mtu lazima abomoe nusu ya mashine kukifikia? Ndiyo maana fundi mvivu anaona bora asokote waya.

Kama fundi wako alirudisha joto haraka na hukuona kipuri chochote kipya mkononi mwake, chomoa plagi leo, fungua nyuma, angalia nyaya za fyuzi. Ukikuta zimeungwa, usiwashe tena mpaka iwekwe nyingine na bomba lisafishwe. Na yule wa kwangu nimeshampigia: nataka hela yangu, na nataka aniambie ni nyumba ngapi nyingine amefanya hivi.