Mzazi na mtoto wa miaka 6: nyumba tupu, kalvati au turubai msituni?

Kibuyu: Tuchukulie serikali imeanguka, umeme hakuna, barabara zimeshikwa na waporaji. Mzazi yuko peke yake na mtoto, usiku unaingia na mvua ya baridi. Walale wapi? Naipa kura nyumba iliyoachwa. Ina paa, na mlango unafungika.

Nanga: Nyumba ndiyo mahali pa kwanza mporaji anapopekua. Wakilazimika, wachague chumba chenye njia mbili za kutokea. Jiko la mkaa lisiingie ndani hata kidogo! Watu huziba madirisha ili mwanga usionekane, hewa ya sumu ikajaa. Haina harufu wala rangi. Mtu analala, haamki.

Mbayuwayu: Kalvati je? Halionekani kwa mtu aliye barabarani.

Nanga: Liondoeni kwenye orodha. Mvua ikinyesha mlimani, maji yanafika hapo hata kama kwenu ni pakavu.

Mzizi: Turubai. Lifungwe chini, upande mmoja uguse ardhi na uelekee upepo. Kazi kubwa iko chini ya mtoto: majani makavu yabaki unene wa sentimita 15 *baada ya* kulaliwa, kwa sababu ardhi baridi hunyonya joto la mwili. Mtoto hupoa upesi kuliko mtu mzima, maana ngozi yake ni nyingi kwa uzito wake. Nguo zilizolowa zivuliwe, alale kifuani mwa mzazi, kichwa kifunikwe ila uso. Akiacha kutetemeka huku bado wa baridi, anasinzia na maneno yanamkwama, msidhani amepata nafuu. Hapo hali imezidi.

Mbayuwayu: Na maji? Moshi wa kuchemshia utawafichua.

Mzizi: Mchana wa jua, chupa ya plastiki angavu ilazwe juani kwa muda wa saa 6. Kukiwa na mawingu, siku 2. Maji ya tope yachujwe kwanza, la sivyo mwale haupenyi. Akiharisha: lita 1 ya maji safi, vijiko vidogo 6 vya sukari na nusu kijiko kidogo cha chumvi, vyote vya kusawazishwa. Anyweshwe kidogo kidogo. Chumvi ikizidi inamdhuru.

Kibuyu: Basi nabadili kura. Walale msituni, nyumba iwe ya kukinga maji ya paa tu. Ya mwanzo yamwagwe, yana kinyesi cha ndege. Mtoto afundishwe mapema: wakipotezana, asikimbie kutafuta. Akae kwenye mti ulio karibu naye mpaka asikie ishara waliyokubaliana.