Get Carter, The Long Good Friday au Lock, Stock: mtu aanze na ipi?

MwanaGerezani
Wadau, salaam. Mdogo wangu ameshaitazama Lock, Stock and Two Smoking Barrels (1998) mpaka maneno anayajua kwa kichwa. Sasa anataka majambazi wa Kiingereza wa zamani. Nina mbili: Get Carter ya 1971, stelingi Michael Caine, na The Long Good Friday ya Bob Hoskins.

Mimi niko kwa Hoskins. Harold Shand ni bosi wa genge London, anataka kuijenga upya bandari iliyokufa kwa fedha za mafia wa Marekani. Wageni wanafika Ijumaa Kuu, na siku hiyohiyo mabomu yanaanza. Hajui nani anamwinda. Anawakamata wapinzani wake, anawatundika kichwa chini kwenye kulabu za machinjioni, na bado jibu hapati. Nyinyi mngempa ipi? Anayetaka kugusa mwisho atoe tahadhari kwanza.

Mkunde
Get Carter, sifikirii mara mbili. Carter anapanda treni London kwenda Newcastle kumzika ndugu yake, Frank. Anaambiwa Frank alilewa, akafa na gari lake. Haamini. Kuanzia hapo anauliza swali moja moja, na anayemdanganya anaumia. Harold wako anaongea mno, kaka. Carter ukimya wake tu unatisha. Na hiyo ndiyo filamu ya kwanza ya sinema ya Mike Hodges!

Chalii_Ngarenaro
Wakubwa shikamooni, ila Lock, Stock msiipite haraka hivyo. Vijana wanne, deni la kamari la paundi 500,000, wiki moja ya kulipa. Kila genge linaliibia jingine bila kujua linamwibia nani, na mwisho kila uzi unakutana na mwenzake. Kuandika hivyo si kazi ndogo. Vinnie Jones alikuwa mchezaji mpira, bingwa wa Kombe la FA 1988 na Wimbledon, na hapo ndipo alipoanza kuigiza. Unaamini kabisa kwamba anakusanya madeni.

Mkunde
Marahaba mdogo wangu. Naipenda pia, lakini pale sijawahi kumwogopea mtu.

Wa_Kaskazini
Naishi Gateshead, ng'ambo ya mto kutoka Newcastle. Lile jengo la kuegesha magari ambako Carter anamrusha mtu chini lilibomolewa 2010. Mahali pengi kwenye filamu ile hapatambuliki tena: nyumba za safu zilizojaa moshi, ufuko mweusi kwa taka za makaa ya mawe. Wazee wa huku wanaitazama kama picha za nyumbani kwao. Kwangu hicho ndicho kinachoipa ushindi. Mji wenyewe umo ndani.

BintiKizingo
Na London ya Harold je? Anawahubiria wageni juu ya boti, Mto Thames nyuma yake, kwamba Olimpiki itakuja kwenye bandari ile. Filamu ilipigwa 1979. Mwaka 2012 Olimpiki ikaja mashariki ya London kweli! Kila nikiiona hotuba ile nasisimka.

Halafu mimi Get Carter hunichosha kwa jambo moja: wanawake wake wanapigwa na kutupwa, na kamera haiwasikitikii. Victoria wa Helen Mirren ana akili kuliko wanaume wote mezani. Harold akipandisha hasira, yeye ndiye anayewatuliza Wamarekani.

Mkunde
Kwa hilo la wanawake, dada, sina utetezi. Ni kweli.

MwanaGerezani
TAHADHARI, NAGUSA MWISHO. Carter anapigwa risasi ya mbali pale ufukweni, kwisha. Harold anaingia garini, gari siyo lake, na kijana mwenye bastola anamgeukia (Pierce Brosnan huyo, bado hajulikani). Hakuna neno. Kamera inabaki usoni pa Hoskins kama dakika mbili: hasira, hofu, tabasamu dogo, halafu anaelewa. Sijaona mwigizaji akifanya hivyo kwa uso mtupu.

Chalii_Ngarenaro
Sijaiona hiyo. Naitafuta leo.

BintiKizingo
Washa maandishi ya chini, mdogo wangu. Kiingereza cha mtaani cha London kinakimbia.

MwanaGerezani
Mrejesho: jana tumeiona ya Hoskins. Dogo hakusema kitu mpaka majina yote yalipopita. Kisha akaniomba nirudishe pale garini, tukapatazama tena. Get Carter ni Jumamosi, Mkunde.