Naomba ushauri: Mzee kapata kiharusi, kaka katuma dawa za Kichina za kulinda seli za ubongo. Azitumie?

BintiPangani
Habari za leo wakuu. Naomba mnisome hadi mwisho, niko njia panda.

Baba yangu ana miaka 67. Miezi mitatu iliyopita aliamka alfajiri kwenda kutawadha, akaanguka mlangoni. Mkono na mguu wa kulia vikaisha nguvu, mdomo ukaenda upande. Walimpiga picha ya kichwa wakasema ni kiharusi cha mshipa kuziba, si cha kupasuka, na chanzo ni moyo kupiga bila mpangilio. Karudi nyumbani na warfarini (ya kuzuia damu isigande), dawa ya presha na ya kolesteroli. Kila asubuhi namwekea bakuli mbili, moja ina maharage, anahamisha punje moja moja kwa mkono wa kulia. Kifungo cha shingoni cha kanzu bado kinamshinda, na hicho ndicho kinachomuuma kuliko yote.

Sasa kaka yangu yuko Guangzhou kwenye biashara. Kapitishia mtu mzigo. Kuna boksi la vidonge laini vyenye mafuta ndani, maandishi ya Kichina matupu isipokuwa neno butylphthalide na 0.1 g. Halafu kuna mfuko wa unga wa mizizi, rangi ya matofali, unaitwa danshen. Wa kuchemsha kikombe asubuhi na jioni. Mwenye duka alimwambia vinazuia seli za ubongo zisife na zilizolala zinaamka.

Unga ameshaanza, leo siku ya tisa. Vidonge bado. Daktari hatujamwambia, maana siku niliyotaja mitishamba kliniki nilifokewa mbele ya watu. Mwenye uelewa anisaidie.

Msafiri77
Pole sana dada. Usiwasikilize wanaodharau dawa za Wachina. ALU tunayotibia malaria si imetoka kwenye mmea wao? Mpe mzee kwa imani, Mungu ataleta wepesi.

MfamasiaWaZamu
Dada, huo unga usimamishe leo hii, mengine tutaongea baadaye. Danshen na warfarini havikai pamoja. Danshen inaiongezea warfarini makali, damu inakuwa nyepesi kupita kiasi, na mtu anaweza kuvuja damu tumboni au kichwani bila kujigonga popote. Hili lilishaandikwa na madaktari wa Hong Kong miaka ya 1990, wagonjwa wa moyo waliokuwa wametulia kwenye warfarini wakaongeza danshen, wakaanza kutoka damu.

Nijibu haya: INR yake, kile kipimo cha damu kinachoonyesha inachukua muda gani kuganda, ilipimwa lini mara ya mwisho? Fizi zinatoa damu? Ana alama za damu iliyovilia chini ya ngozi? Choo ni cheusi? Na usiache warfarini kwa uamuzi wako mwenyewe, hiyo ndiyo inayozuia kiharusi cha pili.

BintiPangani
Umenitisha kaka yangu. INR ilipimwa kabla ya huu unga, ilikuwa 2.4. Choo sijaangalia. Ila juzi alipopiga mswaki mate yalikuwa na damu, na pajani ana alama ya damu iliyovilia, kubwa kama kiganja, tukadhani kajigonga kitandani.

MfamasiaWaZamu
Mpeleke leo, si kesho. Kwa tatizo lake la moyo INR inatakiwa iwe kati ya 2 na 3. Beba mfuko wa unga pamoja na boksi, viweke mezani kwa daktari, sema ameanza lini na anakunywa kiasi gani. Ukifokewa, fokewa, lakini wajue. Akilalamika kichwa kumuuma sana, au akianza kutapika, au usingizi usio wa kawaida, nendeni moja kwa moja dharura hata kama ni usiku wa manane.

Mama Shufaa
Ya Rabbi mponye. Tujulishe, mwanangu. Na mboga za majani vipi? Sisi tuliambiwa mgonjwa wa warfarini mchicha na matembele asiache, ila ale kiasi kilekile kila wiki, si leo sahani nzima kesho hamna.

KakaWuhan
Nimesoma famasia China, nimekaa na haya mambo miaka kadhaa maabara. Wakati dada yuko njiani, nieleze upande wa hizo dawa, kwa sababu aliyoyasema mwenye duka yana ukweli ndani yake, na ukweli wa nusu ndio unaotuumiza.

Mshipa ukiziba, seli za katikati hufa haraka sana. Pembeni yake kuna seli zilizokosa hewa lakini hazijafa. Zikizidiwa zinamwaga glutamati nyingi, kemikali ambayo seli za ubongo hupelekeana ujumbe, hiyo inafungua milango ya kalsiamu kwenye seli jirani, kalsiamu ikijaa inavuruga mitokondria, yaani vinu vya nishati vya seli, na hapo zinazaliwa chembe kali za oksijeni zinazotoboa utando wa seli. Kisha unafuata uvimbe. Ukiwatazama panya, unaona kabisa kwamba viini vya mimea hii, tanshinoni za danshen, ginsenosidi za ginseng, baikalini ya mzizi wa huangqin, kila moja inakata mnyororo huo mahali pake. Mimi mwenyewe nimezitazama seli kwenye sahani, za upande mmoja zimesinyaa, za upande uliowekewa dawa bado zimenyoosha matawi yake. Ukiona vile unaamini.

Lakini kwenye sahani dawa unaimimina juu ya seli. Kwa mzee inabidi ipite tumboni, ipite kwenye ini, kisha ivuke ukuta ulioko kati ya damu na ubongo. Baikalini kwa mfano inafyonzwa vibaya sana ikinywewa. Kikombe cha unga hakifikishi kichwani kipimo kile cha maabara.

Hivyo vidonge vya kaka yako ni habari nyingine. Butilftalidi iligunduliwa kwenye mbegu za selari, ila inayouzwa hutengenezwa kiwandani, na China iliiruhusu 2002. Mwaka 2023 yalitoka matokeo ya utafiti wa wagonjwa 1,216 huko huko China. Siku ya 90, waliopona vizuri walikuwa asilimia 56.7 kwa waliopewa dawa, na 44.0 kwa waliopewa isiyo na kitu. Ni tofauti kubwa, naiheshimu. Ila wale walianza ndani ya saa 6 tangu kiharusi kiwapate, wote wanatibiwa kuzibuliwa mshipa, wakachomwa sindano siku 14 ndipo wakahamia vidonge. Mzee yuko mwezi wa tatu. Zile seli za pembeni zilizokuwa za kuokolewa, hatima yake iliamuliwa siku zile za mwanzo. Na mtu anayetokwa damu hapaswi kupewa.

Ndugu Msafiri77, ALU ni mfano mzuri, ila umalizie. Timu ya mwanasayansi wa China, Tu Youyou, ilipata wazo kwenye maandishi ya karne ya 4, mwaka 1971 ikauchuja mmea huo kwa kimiminika kiitwacho etha kwenye joto dogo, baadaye kiini kikatengwa na kupimwa kwa wagonjwa. Nobel ya 2015 ilitokana na kazi hiyo. Kidonge cha ALU kina kipimo kinachojulikana. Mfuko wa unga hatujui una nini.

Kiharusi kwa Kichina kinaitwa zhongfeng, kupigwa na upepo, kama bibi zetu wanavyosema kapigwa na upepo mbaya. Kuna mchanganyiko wao wa mitishamba kwa kiharusi cha kupasuka mshipa, una ginseng na mizizi mingine, umetumika sana. Waliupima kwa wagonjwa 1,648 katika hospitali 26, majibu yakatoka 2024: haukuwasaidia zaidi ya dawa isiyo na kitu. Wachina wenyewe ndio walioupima na kuutangaza, na kwa hilo nawavulia kofia.

Yale maharage, dada, usiyaache. Ubongo uliobaki unajifunza upya kwa kurudiarudia.

BintiPangani
Nimerudi. INR imesoma 5.8. Daktari aliyekuwa zamu hakufoka, alikaa akausoma ule mfuko, akampigia mwenzake anayejua Kichina. Kasimamisha warfarini siku mbili, kampa vitamini K ya kunywa, unga umebaki kwake. Vidonge kasema tusivifungue. Choo kiko sawa, alhamdulillah, na kichwa hakimuumi. Ijumaa anapimwa tena ndipo atapangiwa dozi.

Kaka nimemtumia uzi huu wote. Alinyamaza muda mrefu, kisha akauliza baba anaendeleaje na kifungo.

MfamasiaWaZamu
Alhamdulillah. Mpaka Ijumaa asipewe diklofenaki wala aspirini hata viungo vikimuuma, ni parasetamoli tu na kwa kipimo. Na mswaki uwe ule laini.