Tupeane uzoefu: Mungu alikushikaje ulipoona hakuna njia?

Bwana asifiwe, wapendwa. Naomba tusimuliane hapa tuliyopitia, hasa sisi wa Nairobi. Msilete tu zile zilizoisha kwa shangwe. Hata kama jibu lako halijafika, andika, kuna mtu atainuliwa nayo.

Nianze mimi. Machi 2020 korona ilipoingia, hoteli niliyokuwa nafulia mashuka ilifunga. Wageni hakuna, mshahara hakuna. Makanisa nayo yalifungwa, na yalipoanza kufunguliwa Julai ilikuwa watu 100 kwa saa moja tu, kwa hiyo hata pa kwenda kulia hapakuwa. Nilikuwa nasoma habari za mjane wa Sarepta na unga wake usioisha, na wangu ukaisha, nikakung'uta pakiti. Jioni hiyo jirani wa chini, mama Mwislamu, akabisha na sufuria ya githeri: "Mama, nimepika nyingi, watoto wale." Sikuwa nimemwambia lolote. Kodi iliendelea kudaiwa na kazi haikurudi mwaka ule, lakini tangu jioni ile sikuomba tena kama mtu aliyeachwa.

Fundi wa Mathare: Mimi ni mafuriko ya Aprili 2024. Mto ulipanda usiku, tukatoka na watoto na nguo tulizovaa. Maji yalipopungua nikakuta mabati yameenda na cherehani imezama kwenye tope. Haukupita muda, tingatinga zikaja kubomoa nyumba zilizobaki kando ya mto. Tulilala kanisani, turubai limetandikwa kati ya viti. Ile cherehani niliifungua kipande kwa kipande, nikaosha kwa mafuta ya taa, nikapangusa, nikatia mafuta yake. Gurudumu liligoma kabisa. Kila nikilisukuma naomba maneno mawili tu, "Bwana, saidia." Siku lilipozunguka nililia mbele za watu na sikuona haya. Sasa nashona sare za shule kwenye kibaraza cha mtu. Nyumba bado.

Kijana wa Kayole: Sijui kama yangu inafaa hapa. Mamangu alikuwa akisafishwa figo mara mbili kwa wiki. Tuliomba, tukafunga, kesha hatukukosa. Alilala mwaka jana. Alfajiri tukiwa kwenye matatu ya kwenda hospitali alikuwa akiimba tenzi kwa sauti ya chini, na siku za mwisho pumzi ilipomwishia alinipigia mdundo kwenye kiganja ili niimbe mimi. Aliamini na hakupona. Bado namuuliza Mungu kwa nini. Lakini namuuliza Yeye, sijaenda kwingine.

Mwanzisha mada: Inafaa sana, mwanangu. Pole. Mtu akikwambia mamako alipungukiwa na imani, usimsikilize. Habakuki anamaliza kitabu chake shamba halina chakula na zizi halina ng'ombe, na bado anamfurahia Mungu. Hakungoja ng'ombe warudi kwanza. Mamako aliimba akiwa hapo hapo alipokuwa Habakuki, na mimi ushuhuda huo nauweka mbele ya wangu wa githeri.

Dada wa Umoja: Amina, mama. Yangu ni fupi. Nilimaliza chuo, natembeza bahasha ya vyeti kutoka Industrial Area hadi Westlands, kila ofisi wanasema watanipigia simu. Wiki hii hata kuomba nimechoka. Niombeeni nyinyi.

Fundi wa Mathare: Dada, pumzika, leo saa tatu usiku tunaomba kwa niaba yako. Na kama unajua kutia vifungo na kupinda sketi, Januari shule zikifunguliwa kazi hunizidi. Njoo tukae pale kibarazani, malipo ya siku yapo.

Dada wa Umoja: Vifungo najua. Shosho alinifundisha. Nitakuja.

Mwanzisha mada: Saa tatu na mimi nipo. Kijana wa Kayole, tuanzishie wimbo aliopenda mamako. Na wengine mnaosoma kimya kimya, andikeni.