Madevelopa, mnatufungiaje brauza nzima ndani ya programu ya kuuzia nyavu na kamba?

Wakuu, nimeingia nyumbani saa tatu hii, chakula kipo mezani kinapoa, lakini acha kwanza niteme nyongo maana nikilala nayo nitaamka nayo.

Mimi ni fundi kompyuta, kibanda changu kiko Mwanga, hapa Kigoma mjini. Wateja wangu wengi si watu wa ofisi. Ni wenye maduka, wakala wa pesa, wauza dawa. Kule Kibirizi nina mama mmoja anauza zana za uvuvi kwa jumla: nyavu, kamba, maboya, risasi za kuzamishia nyavu, taa. Mashine yake nilimfungia mwenyewe mwaka 2019, ya mtumba, RAM GB 4, diski ile ya kuzunguka, Windows 7. Kazi yake ni moja tu, programu ya mauzo na stoo. Sura ilikuwa mbaya, vitufe vya kijivu kama fomu ya serikali, ila ukibonyeza ikoni, kabla hujavuta kiti imeshafunguka. Miaka minne sijaitwa kwa ajili ya programu ile. Nimeitwa kwa ajili ya panya waliotafuna waya.

Sasa kwa wasioishi ziwani: mbalamwezi ikikolea, wavuvi wa dagaa hawaingii majini, maana taa zao hazimvuti samaki wakati mwanga umetapakaa kila mahali. Wanakaa, wanashona nyavu. Siku giza linaporudi, duka la yule mama linafurika toka asubuhi. Huyu anataka balbu, yule kamba, mwingine betri, na wote wana haraka kwa sababu jioni wanaondoka. Siku hiyohiyo ndiyo programu ikaamua kujiapdeti. Mama anabonyeza, kinatokea kidirisha kinachoilalamikia KERNEL32.dll, faili la Windows yenyewe, basi. Anabonyeza tena, kilekile. Simu yangu ikaita.

"Mwanangu, mashine imenigomea na watu wamejaa mpaka nje."

"Shikamoo mama. Nakuja, usizime kitu."

"Nizime nini, kwani kuna kilichowaka?"

Nikapanda bodaboda. Njiani nikawapigia watengenezaji, na kijana wa huduma kwa wateja akanijibu kwa upole kabisa: "Kaka, tumehamia teknolojia ya kisasa, Windows 7 haiungwi mkono tena. Mshauri mteja anunue mashine nyingine." Nikamuuliza mlimtaarifu lini. Akasema iko kwenye maelezo ya toleo. Maelezo ya toleo! Mama anayehesabu risasi za nyavu kwa kilo ndiye akasome maelezo ya toleo?

Hapa nikubali langu. Windows 7 iliachwa na Microsoft tangu tarehe 14 Januari 2020, na kuhamisha ile mashine ilikuwa kazi yangu. Niliahirisha, yeye aliahirisha, tukaachia hapo. Na nakala ya programu ya zamani niliyokuwa nayo ilikuwa kwenye flashi iliyokufa mwaka jana. Sawa, nipigeni mawe kwa hilo. Lakini humtoi mtu kwenye mtumbwi katikati ya ziwa ndipo umwambie kuwa mtumbwi umepitwa na wakati.

Jioni ile nikaweka Windows 10, nikaipakia programu mpya. Skrini nyeupe. Nikahesabu kwa saa ya simu: dakika moja na sekunde kumi nyeupe tupu, ndipo vikatokea vitufe vyenye kona za mviringo, rangi ya zambarau, na kigurudumu kinachozunguka. Mama akauliza, "Ndiyo hii ya kisasa?" Sikumjibu.

Nikafungua Task Manager, pale Windows inapoorodhesha kila kinachotembea. Programu moja, mistari sita yenye jina lilelile. RAM imeliwa MB 520 na hatujauza hata sindano. Ile ya zamani ilikuwa haifiki MB 40. Nikaingia kwenye folda yake nione kulikoni. Karibu MB 290. Faili kuu peke yake zaidi ya MB 150. Kuna ffmpeg.dll, ya kuchezea video na muziki, dukani kwa kamba. Kuna faili la leseni za Chromium, brauza ambayo Chrome imejengwa juu yake, lenye MB kadhaa, maandishi matupu. Halafu kazi yenyewe waliyoiandika wao, mauzo, stoo, risiti, yote imekaa kwenye faili moja linaloitwa app.asar. Mnajua lina ukubwa gani? MB 7. Saba kati ya mia mbili na tisini.

Kilichobaki chote ni brauza. Wameichukua Electron, zana ya kutengenezea programu kwa ufundi wa kurasa za wavuti, ambayo ni Chromium yote imefungwa pamoja na Node.js (kiendeshi cha JavaScript nje ya brauza), wakaitia ndani na kuchora vitufe vyao juu yake. Ni kuiwasha injini ya meli ya Liemba ili kuvusha sado moja ya dagaa.

Kuna kitu kingine kilichonichekesha kwa hasira. Ndani ya folda kuna folda ndogo ya lugha, faili hamsini na kitu, na moja inaitwa sw.pak. Kiswahili! Brauza iliyofichwa mle ndani inajua Kiswahili. Programu yenyewe, iliyotengenezwa na Watanzania, inayouzwa kwa Watanzania, ni Kiingereza mwanzo mwisho.

Mistari sita inatoka wapi? Chromium imejengwa kwa kugawanya kazi katika michakato: mmoja unasimamia, mwingine unachora ukurasa, mwingine unashika kadi ya picha, mwingine mtandao. Hilo lina sababu nzuri sana. Kwenye intaneti unatembelea kurasa za watu usiowajua, kwa hiyo kila mgeni unampa chumba chake na ukuta, akileta fujo zinaishia humo. Ila programu ya duka inafungua ukurasa mmoja, wa kwake, uleule kila siku. Inalipa gharama ya kuta zote na hakuna mgeni anayelala.

Na apdeti? Kila zikitoka wao wanashusha furushi zima upya, MB 90 hivi, hata kama wamebadilisha rangi ya kitufe. Mama anatumia bando la simu. Bando lake, kwa ajili ya zambarau yenu.

Lakini wakuu, RAM na bando si ndivyo vilivyonitoa usingizini. Subirini.

Walisahau kufunga zana za madevelopa. Nikabonyeza Ctrl+Shift+I, zikafunguka, nikaiuliza injini utambulisho wake: Electron 24.1, Chrome 112. Hiyo ni ya Aprili 2023. Sasa kumbukeni Septemba 2023, lile tundu la usalama kwenye libwebp, maktaba ya kufungulia picha za WebP, namba yake CVE-2023-4863. Picha moja ya WebP iliyotengenezwa kwa nia mbaya ilitosha kuharibu kumbukumbu ya programu, na Google wenyewe walisema tayari kuna watu wanalitumia. Chrome ikazibwa tarehe 11 mwezi huohuo. Waliokuwa na brauza ya kawaida walizima, wakawasha, wakaendelea na maisha. Electron nao wakatoa marekebisho, kwa mfululizo wa 24 yakaja kwenye 24.8.3. Lakini marekebisho hayo hayaingii yenyewe kwenye programu ya mtu. Ni lazima aliyeifungia injini ndani achukue toleo jipya, aijenge programu yake upya, aisambaze. Hawa hawakufanya. Na programu yao ina sehemu ya kuweka picha za bidhaa, ambazo mama anatumiwa na wasambazaji asiowafahamu.

Yaani mmeipandisha injini kiasi cha kumfungia mama nje ya Windows 7, maana Electron iliacha Windows 7 na 8 kuanzia toleo la 23, halafu mkaishia hapo, miezi michache kabla ya kiraka kilichokuwa na maana. Hasara zote za kupanda mmempa, faida mmeiacha njiani.

Hapa ndipo ninapogombana nanyi madevelopa. Ukimfungia mtu injini ya brauza ndani ya programu yako, umeshakuwa mtunza brauza, upende usipende. Chromium ilianza kutoa toleo kubwa kila wiki nne mwaka 2021. Electron kila wiki nane, na wanatunza matoleo matatu ya mwisho tu. Kama timu yako ni vijana wawili na mnatoa apdeti mara moja kwa mwaka mkikumbuka, huo mzigo hamuuwezi, msijitwishe.

Na msidhani mimi ni mzee anayelilia vitufe vya kijivu. Mwaka 2014 nilimtengenezea mtu programu kwa lugha ya VB.NET nikatumia kile kidirisha cha WebBrowser cha Windows, injini ya Internet Explorer. Niliumia. Mashine ina IE 11, lakini ukurasa wako unachorwa kama IE 7 mpaka uende kwenye rejista ya mipangilio ya Windows uweke FEATURE_BROWSER_EMULATION kwa jina la programu yako. Kwa mteja huyu inakubali, kwa yule imepinda. Kwa hiyo naelewa kabisa kwa nini watu walipoona Electron walishangilia: injini ni ileile kila mahali, andika mara moja, ichore sawa Windows, Mac na Linux. Mimi mwenyewe VS Code, ile ya Microsoft ya kuandikia programu, naitumia kila siku na ni Electron. Lakini wale wana watu wa kuifuatilia.

Njia nyingine ipo na mnaijua. WebView2, injini ya brauza ya Edge ambayo programu nyingine zinaweza kuitumia, ilitoka rasmi mwishoni mwa 2020, Windows 11 inakuja nayo, Windows 10 nyingi zimeshaipata. Injini ni moja kwenye mashine, programu zinaishea, na inajiapdeti yenyewe bila kukusubiri wewe ukumbuke. RAM itakula bado, sidanganyi mtu, michakato ni mingi vilevile. Ila kiraka cha libwebp mama angekipata bila kumjua mtu anayeitwa fundi. Microsoft wenyewe waliitoa Teams, programu yao ya mikutano, kwenye Electron wakaihamishia huko mwaka 2023, wakasema matumizi ya kumbukumbu yamepungua hadi nusu. Ukitaka kuandika kama ulivyozoea, kuna Tauri, inatumia injini iliyopo kwenye mfumo. Au fanyeni la kishamba kabisa: fungueni hiyo kazi kwenye brauza ambayo mteja anayo tayari! Ukurasa ni ukurasa.

NYONGEZA, saa tano usiku:

Mkuu uliyesema RAM siku hizi bei rahisi, njoo umwambie huyu mama. Nyavu zenyewe anauza kwa mkopo wa mwezi mzima.

Uliyeshauri SSD, diski ya kasi isiyozunguka, nimeshaiagiza, inakuja na basi. Itapunguza ile skrini nyeupe. Haitaziba tundu.

Uliyesema niwaandikie barua pepe: nimewaandikia, nimewawekea namba ya tundu, toleo lao, toleo linalotakiwa. Wamejibu wanathamini maoni yangu.

Na wewe uliyecheka kwamba huyo mama atumie daftari, ndicho anachofanya tangu siku ile. Daftari kubwa la jalada gumu, mstari mmoja mteja mmoja, binti yake anapiga hesabu kwa kikokotoo cha simu. Leo jioni nimemkuta amemaliza foleni kabla ya magharibi. Kompyuta ameifunika kwa kanga.

Sasa naomba msaada wa kweli: mwenye kisakinishi cha toleo la 3.2, lile la kijivu, anitumie PM (ujumbe wa faragha). Leseni ya mama ni halali na data ya siku ya mwisho ninayo. Kama intaneti yako ni ya shida, niko tayari kuifuata na flashi hata Kasulu.